Taya la Juu Halionekani

4 Machi

Mpwa wangu,

Salamu hizi zikukute umevaa soksi mbili mbili, maana nasikia huko juu mliko baridi haina adabu. Sisi huku hatujambo kwa kadiri yetu. Mume wangu, huyu Mwenyekiti, amestaafu ukarani wa mahakama lakini hajakubali, na bado anataka kila neno la nyumba hii lipite kikaoni. Juzi tumekaa kikao cha nani alale upande wa dirisha. Baba yako yupo, bado anakaa chumba changu cha uani tangu alipohamia kwetu mwezi wa kwanza. Anakula, analala, hasemi sana. Usimfikirie vibaya.

Sasa lililonikalisha na kalamu. Kazi yangu unaijua, ni meno bandia. Zamani nilichonga kwa mkono, na mtu akicheka barabarani nilijua kicheko kile ni changu. Siku hizi mkono wa kulia unatetemeka, na fundi wa meno akitetemeka ni mteja anayejing'ata. Ndiyo maana nikanunua ile programu ya kuchora taya kwenye kompyuta, na kimashine kinachochonga kwa kufuata mchoro. Nachukua umbo la fizi za mgonjwa, kompyuta inalisoma, nami napanga meno kwenye kioo kama mtu anayepanga vikombe kabatini.

Tatizo, taya la juu halionekani. La chini linatokea vizuri, mpaka mikunjo ya fizi. La juu linakuwa doa jeusi, na programu inaandika kwamba kumbukumbu ya michoro haitoshi. Trei yangu imejaa meno ya chini. Nani atatembea na meno ya chini peke yake?

Nina mgonjwa mmoja hasa ambaye siwezi kumwangusha. Hana hata jino moja, ni mkaidi, na hataki mkono wa fundi mwingine kinywani mwake. Wewe ndiye fundi kompyuta wa ukoo. Kituo chenu kinarusha vipimo vya hali ya hewa mpaka kwenye setilaiti lakini hakiruhusu mtu ampigie simu shangazi yake, basi nijibu kwa karatasi. Nieleze kama unamweleza mtu mwenye akili ambaye hajui kitu.

Shangazi yako

29 Machi

Shangazi, shikamoo.

Barua yako imefika inanuka dizeli, kwa sababu Dereva wa gari la mahitaji huweka mfuko wa posta juu ya dumu. Mimi mzima. Wiki hii tumepoteza puto la kupima upepo na mkuu wa kituo hasemi na mtu. Msalimie Mwenyekiti, mwambie upande wa dirisha ni wako.

Kompyuta yako haijaharibika. Kadi yake ya michoro haikuja na kumbukumbu yake yenyewe, imeshonwa humo humo kwenye ubao mkuu, kwa hiyo kila inapotaka kuchora inakopa kumbukumbu ya kompyuta. Kiasi cha kukopa kimepangwa kiwandani, nadhani ni megabaiti 64. Kwa taya moja zinatosha, kwa mawili hazitoshi.

Fanya hivi. Izime, kisha iwashe, na kabla haijaamka vizuri ubonyeze bonyeze kitufe kilichoandikwa Del. Utaona ukurasa wa bluu ambao hauna picha. Huo unaitwa BIOS, ni mpangilio wa ndani unaoiongoza mashine kabla ya programu zote. Tafuta mstari unaotaja kumbukumbu ya michoro, utakuta 64. Weka 512. Hifadhi, toka. Mengine usiguse.

Kuna na langu. Nilimwandikia baba mwezi wa pili juu ya jambo kubwa kwangu, hakujibu. Nikaandika tena. Kama amenikasirikia, niambie wewe.

Mpwa wako

22 Aprili

Marahaba, mpwa wangu.

Huku mvua imeingia jikoni na paka amehamia kwenye sanduku langu la plasta ya kutengenezea umbo la fizi. Afya tunayo. Kosa langu ni moja tu, niliisoma barua yako kwa sauti Mwenyekiti akiwa anakunywa chai.

Nilipofika hapo kwenye kukopa, akaweka kikombe chini. Akauliza, inamkopa nani? Nikamwambia inaikopa kompyuta. Akauliza, na kompyuta hiyo ni ya nani? Unajua tangu astaafu anaandika jedwali la ukoo wake humo humo, na amerudi nyuma mpaka vizazi ambavyo wengine anawakisia. Akasema hakuna kitu katika nyumba hii kinachochukuliwa kwa mmoja na kupewa mwingine bila pande zote kusikilizwa. Jioni ile ile kikao kikaitwa.

Mwenyekiti alikuwa mwenyekiti, na mlalamikaji, na mwandishi wa kumbukumbu za kikao. Mimi nilisimama kwa niaba ya mataya. Baba yako aliitwa awe shahidi, akaja na shuka amejifunika mpaka puani, akawa anatikisa kichwa tu. Mwenyekiti alisema babu wa babu yake hawezi kunyang'anywa nafasi na fizi za watu baki. Tulibishana mpaka chakula kikapoa. Uamuzi ukawa kwamba tarehe zisizogawanyika kwa mbili BIOS iwe 512, siku hizo ni za meno, na tarehe zinazogawanyika irudishwe 64, siku hizo ni za ukoo. Kwa hiyo kila asubuhi nazima, nawasha, nabonyeza Del na kubadilisha, kama askari wanaopokezana lindo.

Lakini nikwambie ukweli, siku ya kwanza ya 512 taya la juu lilipotokea zima, la waridi, limetulia pale kwenye kioo, nilikaa nikalitazama na machozi yakanitoka. Nilidhani kazi yangu imeshakwisha duniani. Sasa tatizo ni kwamba meno ya mtu hayachorwi siku moja. Nampa mgonjwa ya nta ajaribu, anaonyesha panapombana, narekebisha. Na nikifika penyewe, tarehe inageuka na mababu wanaingia.

Baba yako hajakukasirikia. Barua zako anazo, ziko chini ya mto wake. Kwa nini hajibu, hilo nimefungwa mdomo, na sitaki kulisema hata kwa kalamu.

Shangazi yako

6 Mei

Shangazi, shikamoo.

Mimi mzima, puto limepatikana limekwama kwenye antena yetu wenyewe. Barua yako niliwasomea wenzangu, mpima upepo akacheka mpaka ikabidi atoke nje.

Huna haja ya kugeuza kila siku. Iache 512 moja kwa moja. Mwenyekiti hatahisi chochote, na babu wa babu yake ataendelea kufunguka kama kawaida. Ila nisikilize vizuri hapa. Lolote mtakaloamua kikaoni, msichague namba ya mwisho kwenye orodha, 2048. Kompyuta yako ni ya zamani, kumbukumbu yake yote ni hiyo hiyo 2048. Mkiipa michoro kumbukumbu yote, mashine yenyewe itakosa pa kusimama na haitawaka.

Sasa tuseme la kweli. Nakuuliza habari za baba, unanijibu habari za mto. Basi nikueleze ninachomwandikia, ili ujue unachonificha kinanigharimu nini. Nataka kuoa. Ni huyo huyo Dereva anayeleta posta. Amepanda mlima huu na gari bovu wakati wanaume wawili walikataa, na akifika anauliza kwanza kama tumekula. Baba yake ni kinyozi huko kwenu mjini. Huyo mzee amesema hataki barua wala simu. Anataka baba yangu aje dukani kwake, akae kwenye benchi, na aseme kwa kinywa chake kwamba ukoo wetu unamtaka binti yake. Bila hivyo hatoi jibu. Mwisho wa Julai mkataba wa Dereva hapa unakwisha, watampeleka njia nyingine ambayo hata barua hazifiki, na mzee wake anasema asipopata mtu wa kuzungumza naye kabla ya hapo, mambo yameishia hapo.

Nimeshamwandikia baba mara tatu. Kusema maneno mawili kwa kinyozi ni kazi gani? Barua hii ataibeba Dereva mwenyewe. Hajui kwamba yumo ndani.

Mpwa wako

11 Mei

Mpwa wangu,

Najua jibu lako liko njiani lakini siwezi kulingoja, mambo yamechafuka. Kwanza salamu. Wote wapo, na paka amezaa kwenye plasta.

Niliomba kikao cha pili, kwa sababu mataya yalikuwa hayaendi. Nikaomba siku zote ziwe za meno mpaka mgonjwa wangu apone. Tukapiga kura. Baba yako akanyoosha mkono upande wangu, toka chini ya shuka. Mwenyekiti hajawahi kushindwa kura tangu tuoane. Akainuka akasema, "Mnataka kumbukumbu? Chukueni yote, tuone kama mtashiba." Akaenda mwenyewe kwenye BIOS, akashuka mpaka namba ya mwisho, akahifadhi.

Feni inazunguka, taa inawaka, kioo cheusi tititi. Meno hamna, ukoo hamna. Mwenyekiti akakaa kwenye kiti akasema hakutegemea kama itamtii.

Tukamwita jirani, fundi friji. Akafungua ubavu, akatoa kibetri cha duara kilichopachikwa kwenye ubao, akakaa nacho mkononi huku akitusimulia habari za shemeji yake, halafu akakirudisha. Mashine ikaamka. Tukapiga makofi. Lakini kibetri kimechoka. Sasa kila kompyuta ikizimwa inasahau yote, inarudi 64, na inadai leo ni tarehe mosi Januari mwaka 1980.

Kwa hiyo kikao cha tatu, ambacho kilikuwa kifupi kwa sababu Mwenyekiti ana aibu, kimeamua isizimwe tena kabisa. Tunailinda kwa zamu. Asubuhi mimi, mchana baba yako, jioni Mwenyekiti. Pasi hairuhusiwi, isije ikaangusha umeme, na nyumba nzima tunatembea na nguo zilizokunjamana. Baba yako ndiye mlinzi bora. Anakaa mbele ya soketi na fimbo ya ufagio, na paka akipita anamnyooshea. Anapenda zamu, kwa sababu mlinzi hatakiwi kusema.

Nieleze cha kufanya.

Shangazi yako

8 Juni

Shangazi, shikamoo.

Barua yako ya tarehe 11 imefika. Naona yangu ya tarehe 6 haikuwahi.

Kibetri hicho kinauzwa kwa fundi saa yeyote. Kina ukubwa wa kifungo cha koti. Mpelekee cha zamani akione, atakupa kipya. Kipachike, maandishi yatazame juu, kisha ingia BIOS uweke 512 na tarehe ya kweli. Tarehe usiisahau, kuna programu zinazofanya hesabu zake kwa kuitazama. Baada ya hapo mnaweza kuzima na kupiga pasi.

Hadi unapoisoma hii, ya tarehe 6 itakuwa imeshafika na umeshajua ninachokitaka. Dereva bado yupo hadi mwisho wa mwezi ujao. Juzi aliniuliza baba yangu ni mtu wa namna gani. Nilimwambia ni mtu wa kulinda soketi. Alidhani natania.

Kama baba hamtaki binti wa kinyozi, aseme hamtaki. Kama ananichukia mimi, aseme hilo. Nimechoka kuandikia mto.

Mpwa wako

2 Julai

Mpwa wangu,

Leo sina salamu ndefu. Tu wazima. Nimekaa na barua zako mbili, nimemsomea kaka yangu hii ya mwisho, na amenifungua mdomo kwa kichwa, yaani ameitikia. Basi nakwambia.

Yule mgonjwa wangu mkaidi ni baba yako. Fizi zilimwoza. Meno yake yaling'olewa moja moja mwaka jana mzima, na la mwisho lilitoka mwezi wa kwanza. Ndiyo maana alihamia kwangu. Aliniapisha nisimwambie mtu, na wewe kuliko wote, kwa sababu anasema ulimwacha na meno. Barua yako ya kwanza ilimkuta hana hata jino moja. Nilimwambia aandike jibu. Akaniandikia kwenye ubao wangu wa oda za meno, neno kwa neno: "La mwanangu siandiki. Nitalisema." Tangu hapo anangoja kinywa. Tunagombana na BIOS miezi yote hii, mimi na Mwenyekiti na mataya na mababu, na ni wewe tulikuwa tunakushughulikia, bila wewe kujua.

Kibetri tulikinunua kabla barua yako haijafika, fundi friji alitushauri. Lakini tulichelewa kidogo, na hapo ndipo pana jambo. Usiku mmoja wa zamu ya Mwenyekiti umeme ulikatika. Aliona aibu kuniamsha. Ulipowaka akaingia BIOS mwenyewe, akaweka 512 vizuri kabisa, wala hakumwambia mtu. Tarehe hakuigusa. Asubuhi nikafungua faili la baba yako na kuanza kupanga meno, nami sijui kwamba kwa kompyuta ile tuko mwaka 1980. Programu hii huchagua ukubwa na weupe wa meno kwa umri wa mgonjwa. Kaka yangu kazaliwa mwaka 1957. Nilishangaa meno yalivyo makubwa na yanavyong'aa, nikasema labda ndiyo raha ya kuona taya zima. Kimashine kikachonga siku mbili. Yalipotoka na karatasi yake ndipo nikasoma: mwanamume, miaka 23.

Nilitaka kuyavunja. Lakini baba yako alikuwa ameshayavaa na amesimama mbele ya kioo cha bafuni. Alikaa humo mpaka tukagonga mlango. Alipotoka alisema neno lake la kwanza tangu Januari, akasema, "Haya hayarudi."

Mpwa wangu, hujamwona. Anacheka na kila mtu. Amechukua viatu vya Mwenyekiti. Amepaka nywele rangi nyeusi ili zilingane na meno, na sasa mjumbe wa mtaa anamwita kijana. Akisema, hewa inapiga mluzi kwa juu, nimemwambia nirekebishe, amekataa nisiyaguse. Nimemweleza kwamba meno hayo yana umri mdogo kuliko wako. Akasema basi na yeye amepumzika uzee.

Ijumaa ya tarehe 19 tunakwenda kwa kinyozi, yeye, mimi na Mwenyekiti. Amejifunza maneno yake mbele ya kompyuta.

Shangazi yako

13 Julai

Shangazi, shikamoo.

Naandika gari likiwa linanguruma nje, Dereva ananisubiri.

Msiende. Nakuomba usimpeleke baba kwa yule mzee na meno ya mtu mdogo kuliko mimi. Mzee yule ameshika vichwa vya watu maisha yake yote, ataona rangi ya nywele kabla hamjakaa. Atadhani tunamchezea. Sahihisha tarehe, mchongee mengine, hata yakichelewa wiki moja Dereva ataongea na mzee wake. Tuna siku chache lakini tunazo.

Na baba mwambie kwamba sikujua. Nilidhani hanitaki. Miezi yote hii nilimchukia usiku na asubuhi nikamwandikia kwa heshima, na mtu mwenyewe alikuwa amekaa mbele ya soketi na fimbo ya ufagio kwa ajili yangu. Nimeona haya. Mwambie anisamehe.

Mpwa wako

21 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako ya tarehe 13 nimeipata leo, mkononi mwa Dereva mwenyewe, aliyekuja kugonga hapa nyumbani. Kwa hiyo jua kwamba tulishakwenda. Kaa chini usome polepole.

Duka la kinyozi lina vioo pande zote mbili. Tulipoingia, meno ya baba yako yakaonekana kila upande, hata mteja aliyekuwa na sabuni usoni akageuka. Kinyozi akaweka wembe chini. Akamtazama baba yako, akatazama nywele, akatazama tena mdomo. Kisha akasema kwa upole, "Karibu. Binti yangu hakuniambia kama mchumba wake ni mtu mzima hivi."

Mwenyekiti akaomba kutoa taarifa. Nikamkanyaga mguu. Baba yako akafungua kinywa aanze maneno aliyojifunza, na mluzi ukatoka kabla yake, mkali, mpaka mbwa nje akaitika. Akajaribu tena. Mluzi. Wateja wakaanza kucheka chini chini. Na kinyozi hakucheka. Akamsogelea, akamshika nywele kwa vidole viwili, akavitazama vidole vyake vilivyokuwa vyeusi. Akasema, "Mzee mwenzangu, umepaka rangi ukaja kuniomba binti. Mimi ni kinyozi. Toka dukani kwangu."

Hapo niliona kila kitu kimekwisha. Nilikuona wewe juu ya mlima wako, na Dereva kwenye njia nyingine, na mimi na mataya yangu. Nilitaka kusema mimi, lakini mzee alishasema hataki kusikia mwingine ila baba.

Baba yako akaingiza vidole kinywani. Akatoa taya la juu, akaliweka kwenye trei ya kinyozi, kati ya vichana. Akatoa na la chini, akaliweka kando yake. Uso wake ukaanguka wote mahali pake. Mtu ambaye hakutaka mwanawe ajue, wala jirani, wala mwuza maziwa, akasimama vile katikati ya vioo, na kila kioo kikamwonyesha. Kisha akaanza kusema kwa fizi tupu.

Mimi nimezoea kinywa chake, nilisikia yote. Alisema, "Mimi ndiye baba. Kijana yuko kazini kwake, ni kijana kweli. Ameniandikia mara tatu, sikumjibu, kwa sababu nilikuwa naona aibu unayoiona sasa. Anampenda binti yako. Mimi namtaka aje kwetu. Kama unataka mtu asiye na kasoro, hatuna. Hawa hapa ndio wote." Akatuonyesha mimi na Mwenyekiti, na sisi tukasimama wima na nguo zetu ambazo tangu zile zamu hatujarudia kuzipiga pasi.

Kinyozi akavuta kiti, akamkalisha baba yako, akamfunga taulo shingoni na kuanza kumwosha ile rangi. Aliendelea mpaka mvi zikatokea zote. Nilipomwuliza kwa woga kama aliyasikia aliyosema kaka yangu, akajibu, "Maneno mengi yamenipita. Lakini mtu aliyeweka meno yake kwenye trei yangu mbele ya wateja, sina la pili la kumwuliza. Mwambieni kijana wenu aje."

Basi ndiyo hivyo. Nimeumia kidogo, nisikufiche. Nimehangaika na BIOS tangu Machi ili mtu aseme akiwa na meno, na amesema bila meno. Nimeshaanza kumchorea mengine ya umri wake, tarehe ni sahihi, nimeitazama mara mbili. Anasema hakuna haraka. Dereva yuko hapa, amekaa naye uani wanacheka, na sijui wanaelewana vipi kwa sababu yeye anakula huku akisema na baba yako hana hata jino. Ataondoka na barua hii baadaye. Nimempa baba yako kalamu aongeze neno. Amekataa, kisha ameichukua.

Shangazi yako

Mwanangu, barua zako tatu nazisoma kila siku. Majibu yake siandiki. Njoo.